Je, wajua kwa nini nyota iliyo jirani inaweza kukosekana kwenye ramani?

Hadithi nyingi za kubuni za safari za anga zina kisa hiki: chombo kinakwenda vizuri, nahodha ametulia, mara mbele yao inatokea nyota isiyo kwenye ramani yoyote. Wapo wasomaji wanaoguna. Kitu kikubwa hivyo kitajifichaje?

Kinajificha, tena karibu nasi kabisa.

Ramani ya nyota huchorwa kwa mwanga unaotufikia, na nyota nyingi zina mwanga hafifu mno. Proxima Centauri ndiyo iliyo karibu kuliko zote baada ya Jua, miaka ya nuru 4.2 tu, lakini haionekani kwa macho matupu. Robert Innes aliigundua mwaka 1915 akiwa Johannesburg, ilhali nyota ang'avu ya Rigel, iliyo mbali zaidi ya mara 100, ilishapewa jina la Kiarabu karne nyingi nyuma.

Kuna zilizofifia kuliko Proxima. Huitwa vibete vya kahawia: gesi iliyojikusanya ili iwe nyota, uzito usitoshe, haidrojeni isiwake sawasawa. Tangu hapo hupoa tu. Fikiria jiko la mkaa usiku, makaa yamefunikwa na majivu. Huyaoni, lakini pitisha kiganja juu yake uone!

Darubini ya WISE, iliyorushwa na NASA mwaka 2009, ndiyo ilikuwa kiganja hicho, ilitafuta joto. Kwa picha zake, mwaka 2013 Kevin Luhman alitangaza vibete viwili vinavyozungukana, miaka ya nuru 6.5 kutoka hapa. Majirani wa tatu kwa ukaribu, na hatukuwajua! Mwaka uliofuata akatangaza kingine, cha baridi ajabu: uso wake hauna hata joto la mwili wako.

Na hao ni wa mlangoni. Darubini ya Gaia imeorodhesha nyota pungufu kidogo ya bilioni 2, wakati galaksi yetu ina bilioni 100 au zaidi.

Kwa hiyo kisa chenyewe nakikubali. Ninachokikataa ni ile nyota kung'aa ghafla dirishani, kwani nyota jirani yenye mwanga mkali hivyo tungeshaiona tangu hapa. Mabaharia wa kweli wangeona chombo kinavutwa pembeni bila sababu, kisha, wakitazama nje, duara jeusi linalozifunika nyota za nyuma moja baada ya nyingine.