Kwa nini picha za zamani za Paris zina pembe nyeusi juu

Juzi nimepost picha ya mtaa wa Paris aliyopiga Eugène Atget, mpiga picha Mfaransa wa zamani, jamaa yangu akanitumia meseji, "mbona pembe za juu zimeungua?" Hazijaungua bwana, hizo pembe ndo darasa lenyewe.

Ukisimama chini ya ghorofa ukainamisha simu nyuma ili paa liingie unajua kinachotokea, kuta zinabanana kwa juu na jengo linakuwa kama linataka kulala chali. Atget alikuwa na kamera ya mbao inayotumia vioo vilivyopakwa dawa ya kunasa picha badala ya filamu, vya sentimita 18 kwa 24, kamera ya aina hiyo unaiweka kwenye stendi imenyooka kabisa halafu unasukuma lenzi peke yake kwenda juu, boksi lenyewe haliguswi. Kuta zinasimama utadhani fundi kazipima na timazi, na paa linaingia. Ila lenzi inatupa mwanga wa duara na duara lina mwisho wake, ukiisukuma sana kioo kinatoka nje ya duara na pembe za juu hazipati mwanga. Naona alikubali kupoteza pembe ili kuta zisimame.

Halafu sasa, kwenye kile kioo cha nyuma cha kuangalizia picha inakuja kichwa chini miguu juu, kulia kumekuwa kushoto. Mara ya kwanza nilivyoazima kamera kama hiyo nilijifunika kitambaa cheusi, jasho linanitoka, natafuta mlango wa nyumba iliyo mbele yangu siuoni! Ukizoea unaacha kuona mlango na duka, unaona boksi jeusi, mstari, na kijivu kikubwa kinachoelemea upande mmoja. Unapanga uzito wa maumbo tu.

Na vioo vya enzi hizo dawa yake ilikuwa inakamata bluu kupita kiasi na nyekundu haioni, kwa hiyo anga linatoka jeupe pee hata kama mawingu yapo. Mapaa yanakuwa kama yamekatwa na mkasi, na lile anga linageuka umbo nalo, huwezi kuliacha likae hovyo.

Mpiga picha Mmarekani Paul Strand, mwaka 1915 pale New York, maumbo aliyafuata makusudi kabisa. Ile picha yake ya Wall Street ni ukuta wa benki ya J.P. Morgan, jengo lilikuwa halina hata miaka miwili, asubuhi, jua liko chini, watu wadogo wanapita na vivuli virefu. Juu yao kuna mistatili mikubwa myeusi, ni madirisha lakini ndani huoni kitu. Weka kidole gumba ufunike watu, inabaki mistatili mizuri isiyo na shida na mtu. Funika madirisha, inabaki watu wanawahi kazini basi. Ukitoa kidole ndo picha inaanza kutisha, na hakuna aliyefanya kitu chochote pale, ni ukubwa na weusi tu.

Jamaa kasoma yote haya akaniambia "sasa si ukate tu hizo pembe?" Nikakata, nikamtumia. Paa halipo.