Mayai hayakufa mashineni: kutotolesha kwa kufuata majira ya Morogoro

Februari mwaka huu mama mmoja wa Kihonda alinipigia simu alfajiri. "Dokta, njoo uone hii mashine, imeniulia mayai yote." Alikuwa ameweka mayai 60. Siku ya 21 walitoka vifaranga 14, kesho yake watatu, kisha kimya. Nilipofika nilimkuta ameshaichomoa mashine kwenye umeme, anataka kuirudisha kwa fundi aliyeitengeneza. Nilimwomba asitupe yai hata moja. Tukakaa kivulini na beseni, tukayapasua yote 43.

Hii ndiyo kazi ninayoipenda kuliko nyingine zote katika udaktari wa mifugo, ingawa harufu yake haizoeleki. Kila yai lililogoma huonyesha siku lilipokufa, na ukiijua siku umeshakaribia kuijua sababu.

Mayai tisa yalikuwa maangavu, kiini na ute tu. Hayo hayakuwa na mbegu. Mama ana mitetea 22 na jogoo mmoja aliyezeeka, wakati jogoo mwenye nguvu anatosha mitetea kama kumi. Manane yalikuwa na vifaranga waliokamilika, manyoya yote yapo, utando umekauka na kuwagandia mwilini. Yaliyobaki, 26, ndiyo yaliyonikalisha pale muda mrefu. Yalikuwa na duara jembamba la damu, au kiinitete kidogo kama punje ya maharage. Hao walikufa siku za mwanzo kabisa, na hapo mashine haikuwa mshtakiwa wa kwanza.

"Mama, mayai uliyakusanya kwa siku ngapi?"

"Wiki mbili, Dokta."

"Uliyaweka wapi?"

"Juu ya kabati la jikoni, panya wasiyafikie."

Jikoni, chini ya bati, mwezi wa Februari. Watu wengi wanadhani yai hulala usingizi mpaka liwekwe chini ya kuku au ndani ya mashine. Sivyo. Joto likishapita nyuzi 21 hivi, kiinitete huanza kukua polepole. Mchana bati likiwaka kinakua, usiku kukipoa kinasimama, kesho kinaanza tena. Baada ya siku kadhaa za hali hiyo kinachoka, na kikiingia mashineni hakina nguvu ya kuendelea. Yai la kutotolesha linataka chumba chenye nyuzi 15 hadi 18. Nyumba zetu za Morogoro hazina chumba cha namna hiyo, kwa hiyo tunapunguza siku. Kiangazi ninaruhusu siku tatu, nne zikizidi sana. Kipupwe unaweza kufika wiki nzima. Yakae kwenye trei sakafuni, upande usiopigwa na jua la alasiri, ncha nene ikiwa juu. Na usiyaoshe. Yai lina ngozi nyembamba ya kulikinga, ukiliosha unafungua vitundu na kuwakaribisha vijidudu. Lililochafuka kwa kinyesi, kaange ule.

Wale vifaranga wanane ni habari ya maji. Mashine yenye feni inataka nyuzi 37.5 muda wote, unyevu asilimia 50 hadi 55 mpaka siku ya 18, halafu 65 hadi 70 siku tatu za mwisho. Siku hiyo ya 18 unaacha pia kuyageuza. Mama alikiri kwamba kuanzia siku ya 19 alikuwa akifunua mfuniko kila baada ya muda kidogo, kwa hamu ya kuona. Ninamwelewa, mimi mwenyewe nikisikia mlio ndani ya ganda mkono unawasha. Lakini kila ukifunua, unyevu unatoka, utando unakauka, na kifaranga aliyekwisha kutoboa ganda anafungwa humohumo.

Hapo majira yanaingia tena. Yai linapaswa kupoteza kama asilimia 12 ya uzito wake kufikia siku ya 18, ili chumba cha hewa kwenye ncha nene kiwe kikubwa cha kutosha kwa kifaranga kuvuta pumzi ya kwanza. Masika hewa yenyewe imejaa maji. Ukijaza trei ya maji kama ulivyofanya Februari, yai halikauki vya kutosha na kifaranga anakufa akiwa amelowa. Kwa hiyo usinakili kipimo cha maji cha jirani, wala chako cha mwezi mwingine. Nunua kipima unyevu, na siku ya 7 na ya 14 angalia chumba cha hewa kwa tochi. Mimi natumia boksi la viatu lenye tundu la ukubwa wa shilingi, simu ndani, tochi imewashwa, yai juu ya tundu. Siku ya 7 yai hai lina mishipa iliyotanda kama utando wa buibui.

Kuku anayeatamia hufanya haya yote bila kipimo, ndiyo maana kwa mwenye kuku wachache bado namsifu yeye. Mpe mayai kumi hadi 13, yale anayoweza kuyafunika. Kwanza mkague chini ya mbawa. Kuku mwenye utitiri au chawa hukimbia kiota siku ya kumi, ukalaumu tabia yake. Chunguza pia nyufa za banda usiku kwa tochi, papasi hujificha humo mchana. Zibe kwa udongo. Ukitaka kuku watatu waangue siku moja, yule aliyetangulia kutaka kuatamia muwekee mayai viza ashike nafasi, wenzake wakiwa tayari wape wote mayai mazuri jioni moja.

Sasa kuhusu lini. Kwa hapa kwetu nahesabu kutoka Krismasi kurudi nyuma. Mayai yakiwekwa katikati ya Mei, vifaranga wanatoka mwanzoni mwa Juni. Wiki ya tatu hadi ya sita ndiyo hatari ya kuhara damu, na vimelea vyake vinahitaji unyevu ili viive kwenye kinyesi. Juni na Julai ardhi imekauka, hivyo umri mbaya unapita katika mwezi mzuri. Waliotoka Aprili wanaupitia umri huo kwenye matope ya Mei, na ndiko ninakoitwa kila mwaka. Baridi ya Julai ipo, lakini baridi unaweza kuishinda. Bruda, yaani sehemu ya kulelea vifaranga kwa joto, iwe nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, kisha punguza kama nyuzi tatu kila wiki. Ukitumia jiko la mkaa acha dirisha la juu wazi, moshi wa mkaa usioonekana umeua vifaranga wengi, na watu pia. Desemba jogoo wako ana miezi sita, na wateja wanamfuata mwenyewe nyumbani.

Kipupwe kina adui mwingine, mdondo, ambao wengine huuita kideri. Unashamiri miezi ya ukame kuelekea vuli. Kinyesi cha kijani, mbawa kushuka, shingo kupinda, na banda lisilochanjwa linaweza kubaki tupu ndani ya wiki. Hauna dawa. Chanjo ya I-2, inayotengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, inastahimili joto kuliko chanjo za zamani. Ni tone moja katika jicho moja, kwa kuku wa umri wowote, kila baada ya miezi mitatu. Nawaambia wateja wangu Januari, Aprili, Julai, Oktoba. Chanja kuku wote wakiwa wazima. Kinga huchukua wiki moja hadi mbili kujengeka, kwa hiyo kuchanja wakati jirani ameshaanza kuzika wake ni kuchelewa. Aliyekufa mzike au mchome, na aliyeanza kuzubaa usimpeleke sokoni. Ugonjwa husafiri katika tenga.

Mvua za vuli zikileta mbu, huja ndui. Chanjo yake huchomwa kwenye ngozi ya bawa, na wale wa Juni wanakuwa wameshafika umri wa kuipata kabla mbu hawajazaliana.

Yule mama amenunua jogoo wa pili na wa tatu. Mayai yako chini ya kitanda chake, kila moja limeandikwa tarehe kwa penseli. Tumekubaliana ayaweke mashineni tarehe 14 Mei, nami nitapita siku ya saba na boksi langu la viatu.