Fidia si msaada

Mwezi uliopita tulikaa kikao cha ukoo Muheza, na baba yangu mkubwa akasimama kutoa neno la shukrani kwa niaba ya familia. Alimshukuru Mungu, akawashukuru majirani waliochanga, kisha akaishukuru kampuni aliyokuwa akiifanyia kazi mdogo wangu kwa msaada wake, na mwisho akaishukuru Serikali kwa msaada inaomtumia kijana wetu kila mwezi. Katibu wa kikao, ambaye ni binamu yangu, aliandika yote mawili kwenye daftari kwa neno lilelile moja. Sikusema kitu, kwa kuwa si adabu kumsahihisha mkubwa mbele ya watu, lakini neno hilo nimelisikia likikosewa mara nyingi mno tangu mdogo wangu, fundi wa kupiga lipu, aanguke kutoka kwenye jukwaa la ujenzi Dar es Salaam na kuumia mgongo kiasi cha kutotembea tena. Nimelisikia wodini, nimelisikia katika ofisi ya kata, na nimelisikia kwa watu ambao kazi yao ni kulijua.

Maana yenyewe ni fupi. Fidia ni malipo anayostahili mtu aliyepata madhara, yanayotolewa na yule ambaye sheria au makubaliano yamemtwika wajibu wa kulipa, kwa sababu ya madhara hayo na kwa kipimo chake. Msaada ni kile ambacho mtu hutoa kwa hiari yake, kwa kiasi anachoona kinafaa, na anaweza kuacha kukitoa kesho bila kuvunja haki ya yeyote. Tofauti iko hapo, na madhara ya kuisahau huonekana pale mgonjwa anaporudi nyumbani.

Neno fidia tulilipokea kutoka Kiarabu, ambako shina lake linabeba maana ya kukomboa, yaani kutoa kitu ili kisimame mahali pa kitu kingine. Waislamu wanalijua katika hukumu za saumu: mzee dhaifu, au mgonjwa ambaye kupona kwake hakutarajiwi, hulisha maskini mmoja kwa kila siku ya Ramadhani aliyoshindwa kufunga. Hesabu yake haibahatishwi, maana siku moja ina maskini mmoja, na siku thelathini zina thelathini. Wakristo wanalikuta katika Mathayo 20:28, pale inaposemwa kwamba Mwana wa Adamu alikuja kutoa nafsi yake iwe fidia ya wengi. Watu wa imani hizi mbili wamelitumia neno hili kwa muda mrefu, na pande zote mbili limebaki na uti uleule: kuna kilichopotea au kilichofungwa, na kuna kinachotolewa mahali pake kwa kipimo kinachojulikana.

Wapo wanaodhani kwamba dia ni fidia iliyofupishwa. Maneno haya yanafanana masikioni tu, kwa kuwa katika Kiarabu yana mashina mawili tofauti. Dia ni malipo ya damu, anayotoa muuaji au jamaa zake kwa ndugu wa marehemu. Nalitaja kwa sababu nalo linatufundisha jambo lilelile. Hakuna mzee wa zamani ambaye angepokea dia na kusema kwamba wauaji wamemsaidia.

Msaada nao asili yake ni Kiarabu, musaada, na ni neno zuri ambalo sina ugomvi nalo. Watu waliotuchangia nauli, uji, dawa na godoro walitusaidia, na sitawasahau. Ila katika neno hilo hakuna mizani. Anayetoa elfu mbili amesaidia, na anayetoa milioni mbili amesaidia, na hakuna anayeweza kumwambia wa kwanza kwamba amepunja.

Kinachonishangaza ni kwamba tunaijua tofauti hii vizuri sana tunapozungumza mambo mengine. Mwalimu aliyekuwa na udhuru Jumatatu akija kufundisha Jumamosi, husema anafidia kipindi, na wanafunzi hawaoni kwamba wamefadhiliwa, kwa sababu kipindi kilikuwa chao. Nyumba ikiwekewa alama ya X ili kupisha barabara, mwenye nyumba anauliza siku ileile kwamba fidia ni kiasi gani, imethaminiwa na nani, na italipwa lini. Hasemi kwamba anasubiri msaada. Nyumba ikivunjwa tunadai fidia kwa sauti. Mgongo ukivunjika tunanong'ona kuomba msaada. Naamini sababu yake ni kwamba nyumba ina hati na mthamini, ilhali mwili tumeuzoea kuuona kuwa ni mtihani wa Mungu usio na bei. Kweli hauna bei. Lakini mshahara uliokatika una kiasi chake, na mtu wa kukuhudumia usiku na mchana ana gharama yake, na hayo ndiyo yanayofidiwa.

Kuna na neno la tatu linaloingizwa hapa kwa makosa, nalo ni kiinua mgongo. Jirani mmoja alimuuliza mama kama mtoto wake "ameshapata kiinua mgongo", na alikusudia mema. Kiinua mgongo ni malipo ya mkupuo anayopewa mtu aliyemaliza utumishi, kwa picha ya mtu aliyeinama akifanya kazi miaka mingi na sasa anainuliwa. Ni malipo ya kazi iliyofanyika. Kumtajia neno hilo kijana aliyelala na jeraha la mgongo ni kumwambia kwamba amestaafu, wakati ajali ilimkatiza kazi akiwa bado ana nguvu zake zote.

Sasa niseme namna jambo hili linavyokwenda kwa vitendo Tanzania Bara. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ilitungwa mwaka 2008, na mfuko ulioanzishwa kwa sheria hiyo ulianza kazi mwaka 2015. Anayechangia ni mwajiri peke yake, wala haruhusiwi kuukata mchango huo katika mshahara wa mfanyakazi. Aliyeumia kazini hahitaji kuthibitisha kwamba bosi alikuwa na kosa. Linaloangaliwa ni kama ajali ilitokana na kazi. Humo ndani kuna matibabu, kuna malipo ya ulemavu wa muda ambayo ni asilimia 70 ya mshahara kwa muda usiozidi miezi 24, na kuna malipo ya ulemavu wa kudumu, ambayo hutolewa kwa mkupuo ulemavu usipozidi asilimia 30, na hugeuka kuwa pensheni ya kila mwezi ukizidi hapo. Kuna pia huduma za utengamao, yaani za kumrudishia mgonjwa uwezo wa kujitegemea, na kuna malipo kwa anayemhudumia mgonjwa asiyejiweza. Hilo la mwisho wengi hawalijui kabisa, ingawa mtu asiyehisi kiuno wala miguu huhitaji kugeuzwa kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda, na anayemgeuza, aghalabu mama au mke, ameacha biashara yake ili afanye hivyo.

Neno kipimo nililolisisitiza katika asili ya fidia linarudi hapa likiwa na uzito wa karatasi. Tunapenda kusema kwamba fulani amevunjika uti wa mgongo, lakini uti ni mifupa, yaani zile pingili, na mtu anaweza kuvunjika pingili akapona na kutembea. Kinachoondoa hisia na nguvu za miguu ni kuumia kwa ugwe mgongo, ule mshipa mkuu wa fahamu unaopita katikati ya pingili. Kwa kuwa asilimia ya ulemavu ndiyo inayoamua malipo, ripoti ya daktari inapaswa kueleza ugwe umeumia usawa gani na mgonjwa amepoteza nini, pamoja na kujizuia haja ndogo na kubwa, jambo ambalo wagonjwa wengi huona haya kulisema na kwa hiyo halisomeki popote.

Aliyegongwa na gari akiwa katika mambo yake binafsi hawezi kwenda kwenye mfuko huo. Fidia yake huitafuta kwenye bima ya gari, ile ambayo mitaani tunaiita bima ndogo, ambayo kisheria kila chombo cha moto kinachotembea barabarani kinatakiwa kuwa nayo. Inaitwa ya mtu wa tatu kwa sababu wa kwanza ni mwenye chombo, wa pili ni kampuni ya bima, na wa tatu ni wewe uliyeumizwa. Dereva aliyesababisha ajali kwa kosa lake mwenyewe si mtu wa tatu. Madai haya husimama juu ya karatasi za polisi, kuanzia ile fomu namba tatu, PF3, ambayo nakala zake zihifadhiwe kama cheti cha kuzaliwa.

Na mkwezi aliyeanguka kutoka kwenye mnazi wake mwenyewe? Huyu hana wa kumfidia, na kumwambia asubiri fidia ni kumpotezea siku. Ikiwa alikuwa mwanachama wa mfuko wa hifadhi ya jamii, yaani NSSF kwa sekta binafsi au PSSSF kwa watumishi wa umma, anaweza kustahili pensheni ya ulemavu akitimiza idadi ya michango inayotakiwa na madaktari wakithibitisha kupotea kwa uwezo wake wa kufanya kazi. Hayo ni mafao. Neno limetokana na kufaa, ni kile kinachomfaa mwanachama kutokana na alichochangia, na hakiulizi ulianguka wapi wala ulikuwa ukimfanyia kazi nani. Asiye mwanachama popote hubaki na ruzuku ya TASAF, mfuko wa Serikali wa maendeleo ya jamii, kaya yake ikiwa imetambuliwa kuwa maskini, pamoja na msaada wa ndugu. Ruzuku ina asili moja na riziki; hutolewa kwa sababu ya hali uliyo nayo, bila kujali nani aliisababisha.

Lipo jingine ambalo ni hatari kuliita msaada, nalo ni fedha za halmashauri, zile asilimia 10 za mapato yake ya ndani ambazo asilimia 2 hutengwa kwa watu wenye ulemavu. Huo ni mkopo. Hauna riba, lakini unarudishwa, na nimemwona mama mmoja mwenye kiti cha magurudumu akilia mlangoni kwa mtendaji kwa sababu aliambiwa "msaada wa walemavu umetoka", akanunua dawa na nepi, kisha akaletewa barua ya marejesho.

Kwa mdogo wangu, neno lilianza kukosewa hospitalini. Wiki ya tatu walikuja watu wawili kutoka kazini na bahasha ya shilingi laki tano na karatasi ya kusaini. Mama alimshikia karatasi juu ya sinia la chakula, naye akasaini akiwa amelala chali, kwamba amepokea "msaada wa kibinadamu". Hatukuuliza zaidi. Tuliona kwamba kampuni imetimiza lake, na miezi ikapita bila mtu yeyote kupeleka taarifa ya ajali kwenye mfuko, mpaka ofisa ustawi wa jamii wa hospitali, binti mpole aliyekuja kuuliza habari za kiti cha magurudumu, alipouliza pia kama madai ya fidia yamefunguliwa. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kulitaja neno hilo mbele ya kitanda kile. Wakati mwingine karatasi ya namna hiyo huja na maneno ya upande wa pili, kwamba aliyepokea amelipwa "fidia kamili na ya mwisho", na hilo nalo lisisainiwe kitandani kabla ya kusomwa na mtu asiye na homa.

Asubuhi baada ya kikao nilikwenda kwa baba mkubwa. Nilimkuta barazani akimenya muwa, nikamwamkia, tukazungumza mvua, kisha nikamweleza taratibu haya niliyoyaandika hapa. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Kwa hiyo zile laki tano nilikosea kuziita msaada?"

Nikamjibu kwamba hapo hakukosea, baba mkubwa, zile walizitoa wenyewe kwa hiari na hawakudaiwa, kwa hiyo msaada ndilo jina lake, na kuwashukuru ilikuwa sawa. Kosa lilikuwa kwetu sisi tuliodhani kwamba zimemaliza habari. Hizi zinazoingia kila mwezi ndizo fidia. Zimehesabiwa kutoka kwenye mshahara wake na kutoka kwenye mgongo wake, na mwezi zisipoingia tunakwenda kuuliza bila kuinamisha kichwa.

Alinyamaza kidogo, akaweka kisu chini, akamwita binamu yangu alete daftari la kikao. Mstari wa kwanza wa shukrani aliuacha kama ulivyokuwa. Kwenye wa pili alisema lile neno likatwe, na juu yake liandikwe fidia.