Kitufe, kitufe, kitufe: tunavyowaelewa vibaya visoma skrini

Rafiki yangu asiyeona aliwahi kunionyesha anavyotuma pesa kwa programu ya benki moja ambayo sitaitaja. Alitelezesha kidole, na kisoma skrini, yaani programu inayomtamkia kwa sauti yaliyomo kwenye simu, kikasema: "Kitufe." Akatelezesha tena: "Kitufe." Mara ya tatu: "Kitufe." Hapo akagonga mara mbili. "Cha tatu ndicho cha kutuma," akaniambia. "Nimekikariri." Mwezi uliofuata benki ikaleta toleo jipya, alama zikapangwa upya, na cha tatu kikawa cha kuomba mkopo.

Sidhani kama walioiandika programu ile walikuwa na nia mbaya. Mimi pia naandika programu, na vitufe nilivyoviacha bila majina ni vingi kuliko ninavyopenda kukiri. Tunaharibu kwa sababu ya dhana tulizozibeba kichwani, na mama yao wote ni hii ya kwanza.

"Kisoma skrini kinaona kilichoko kwenye skrini."

Hakioni. TalkBack kwenye Android, VoiceOver kwenye iPhone, NVDA kwenye Windows: vyote huuliza mfumo wa simu au kompyuta, nao mfumo huigeukia programu yako: hapo una nini? Programu hujibu kwa orodha yenye umbo la mti, na kila tawi linatakiwa kutaja mambo matatu, yaani jina lake, aina yake na hali yake. "Nikumbuke, kisanduku cha kuteua, hakijateuliwa." Windows ina njia ya mazungumzo haya tangu 1997, kwa hiyo jambo lenyewe si geni.

Ukitumia kitufe kinachokuja na mfumo wenyewe, aina na hali hujazwa bila wewe kutoa jasho. Kinachobaki ni jina, na kwa alama isiyo na maandishi hilo ni mstari mmoja wa msimbo. Lakini ukichora mstatili wa kijani, ukauwekea kivuli, ukauambia usikilize mguso, machoni kitakuwa kitufe na kwenye mti kitakuwa kitu kisichojulikana. Siku hizi visoma skrini vinaweza kujaribu kukisia kilichomo ndani ya picha. Sawa, lakini mshahara wangu nisingependa uende kwa kukisia.

Jina nalo linahitaji akili. "Ikoni ya bahasha" ni maelezo ya mchoro. Mtumiaji anataka kusikia "Ujumbe". Na usiandike "Kitufe cha Tuma", maana kisoma skrini kitaongeza neno lake, na mtu atasikia "Kitufe cha Tuma, kitufe" kutwa nzima.

"Basi kwenye tovuti tutaweka ARIA kila mahali."

ARIA ni sifa za kuongeza kwenye HTML, lugha inayojenga kurasa za wavuti, ili kueleza kitu ni nini. Kanuni yake ya kwanza kabisa inasema: kama HTML ina kipengele kinachofaa, tumia hicho, achana na ARIA. Wengi huiruka. Ukibandika role="button" (sifa ya ARIA inayosema "mimi ni kitufe") juu ya div, yaani kisanduku kitupu cha HTML, kisoma skrini kitatangaza kitufe, mtumiaji atabonyeza Enter, na kimya. Umepaka neno "Duka" kwenye ukuta usio na mlango. WebAIM, shirika la Marekani la ufikivu wa wavuti, ambao kila mwaka hupima kurasa za mwanzo za tovuti milioni 1, wamekuta mara kwa mara kwamba kurasa zenye ARIA zina makosa mengi zaidi kwa wastani kuliko zisizonayo. Huenda ni kwa sababu pia kurasa hizo ni tata zaidi, lakini haziokolewi nayo.

"Usalama kwanza, haya mengine baadaye."

Hii inaniudhi kuliko zote, kwa sababu huvaa koti la busara. Baadhi ya programu za pesa huchora tarakimu za PIN kama picha, tena kwa mpangilio unaobadilika kila ukifungua, ili asiyehusika asichungulie. Kisoma skrini hakipati hata tarakimu moja. Asiyeona anafanyaje? Anampa simu mtoto wa jirani, au wakala, au yeyote aliye karibu, na kumtajia PIN yake kwa sauti. Ulinzi wote umekwisha hapo. Wakati huohuo dawa ipo: tarakimu zenye majina, na mtu kuvaa kifaa cha masikioni. TalkBack inaweza hata kuifanya skrini iwe giza huku simu ikiendelea kufanya kazi, kwa hiyo anayechungulia begani haoni kitu.

Ndugu yake ni ule mtindo wa kuzuia watu wasibandike nenosiri. WCAG 2.2, mwongozo wa kuwezesha watu wenye ulemavu kutumia wavuti, uliotolewa Oktoba 2023 na W3C, shirika la viwango vya wavuti, unataka mtu aweze kuingia bila kulazimishwa kukumbuka au kunakili herufi kwa mkono. Kuruhusu kubandika ni mojawapo ya njia rahisi za kutimiza hilo.

"Ni kwa ajili ya wasioona, nao ni wachache."

Mti uleule wa majina hutumiwa na mtu asiyeweza kushika simu, anayeiamuru kwa sauti. Anaona neno "Tuma" limeandikwa, anasema "gusa Tuma", hakuna kinachotokea, kwa sababu ndani kitufe kimepewa jina "btn_submit2". Yupo anayetumia kibodi tu kwa sababu mikono inatetemeka. Na wapo wazazi wetu: Shirika la Afya Duniani linasema wengi wenye matatizo ya kuona wamevuka miaka 50. Kijivu chako hafifu juu ya nyeupe, ambacho mbunifu anakiita kitulivu, hata mimi kinanishinda nikisimama juani Kariakoo. Kwa maandishi ya kawaida WCAG inataka ukolezi, yaani tofauti ya mwangaza kati ya maandishi na mandhari yake, wa angalau 4.5 kwa 1.

"Kuna kiprogramu cha kubandika kwenye tovuti, kinarekebisha haya yote chenyewe."

Januari 2025 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kwamba accessiBe, kampuni inayouza kiprogramu cha namna hiyo, italipa dola milioni 1 kuhusu madai ya aina hiyo. Tuendelee.

"Visoma skrini havijui Kiswahili."

eSpeak NG, sauti inayokuja ndani ya NVDA, ina Kiswahili. Sauti za Google pia. Hazina lafudhi ya Unguja, lakini zinaeleweka. Tatizo mara nyingi ni kwamba ukurasa wa Kiswahili umetangazwa kuwa wa Kiingereza, kwa sababu ulianza kama kiolezo na hakuna aliyegusa ule mstari wa juu. Sauti ya Kiingereza ikikutana na "Tuma" inaweza kutamka "tyuma", karibu na chuma. Andika lang="sw".

"Tumepima kwa zana, imepita."

Zana itakuambia picha haina maelezo. Ukiandika "picha1" itanyamaza na kukupa tiki ya kijani. Haitakuambia kwamba "Nenosiri si sahihi" limetokea kwa wekundu mkali huku kisoma skrini kikiwa kimya, na mtu anaendelea kubonyeza Ingia mpaka akaunti ifungwe. Wala haitasikia saa ya kuhesabu sekunde za namba ya uthibitisho ikitangaza "59, 58, 57" juu ya kila kitu anachojaribu kusikiliza.

Hayo utayasikia mwenyewe tu. NVDA ni ya bure. Aliyeianzisha mwaka 2006, Michael Curran wa Australia, haoni. TalkBack huenda iko tayari kwenye simu yako. Ila kabla hujaiwasha jifunze kuizima: kwenye simu nyingi unashikilia vitufe vyote viwili vya sauti kwa sekunde chache. Ikishawaka, mguso mmoja huchagua na miwili ndiyo hufungua. Mwenzangu mmoja ofisini hakujua hilo, akaishia kuizima simu kwa kuiacha iishiwe chaji.