Wanajuaje kama shimo la zamani lilikuwa kabinee? Jibu liko mu mayai ya minyoo

Huku Goma, pale jiwe la volkano linakatalia sururu, watu wanajenga kabinee kwenda juu na kuweka ngazi, na ile ikijaa wanaifunga wanatafuta kona ingine ya parsele. Sasa fikiria mtu anakuja kuchimba pale kisha miaka elfu mbili, mlango hakuna, mbao zimeoza, mavi yenyewe yamekuwa udongo tu haina hata harufu. Atajua namna gani kama ile haikuwa tanki ya maji, ghala ya mahindi ao shimo la takataka?

Wanaakiolojia wanakutana na hiyo kazungumkuti kila siku, ju shimo peke yake halisemi kitu. Kinachosema ni mayai ya minyoo iliyokuwa mu matumbo ya wale watu, na sayansi yake inaitwa paleoparazitolojia.

Unaweza kuuliza yai la mnyoo linabakije wakati kila kitu kimeoza. Ni ju ya maisha yake yenyewe: askarisi, ule mnyoo mrefu wa tumbo, jike anaweza kutaga karibu mayai 200,000 kwa siku, na yale mayai yanatoka na choo, yanakaa kwanza mu udongo, ndiyo yangojee mdomo wa mtu mwingine, kwa hiyo ganda lake ni gumu sana, lina kitini ndani (kitu kigumu kama kile cha ganda la mdudu), na kama udongo uko na unyevu bila hewa nyingi, ao umekauka kabisa, linavuka karne na karne. Tena ni madogo, ya trichuris, mnyoo mwingine wa tumbo, yako na urefu wa mikromita kama 50, ukipanga 20 kwa mstari unapata milimita moja, lakini yanajulikana mara moja: yanafanana ndimu yenye kizibo kila upande.

Kazi ya labo haiko ngeni kwa mtu aliyeshafanyiwa egzame ya choo. Wanachukua udongo kidogo, hata gramu moja haifike, wanaulowesha mu maji yenye fosfeti ya sodiamu mpaka ulainike, wanachuja kwa chujio zenye matundu madogo sana, wanaongeza gliserini, halafu mikroskopi ya mara 400. Laborantini wa hapa kwetu angeketi pale na kusoma bila shida.

Lakini kuona mayai tu haitoshe, na hapa ndipo watu wengi wanaharakisha. Mayai yanatembea, mvua inayabeba, watu wanamwaga samadi mu mashamba. Kwa hiyo lazima upime pia udongo wa pembeni ya shimo: ndani yakiwa mengi na inje hakuna, apo sasa unaweza kusema. Mfano mzuri haukutoka hata mu choo, ulitoka mu kaburi la mfalme Richard III kule Leicester, Uingereza: matokeo ya 2013 yalionyesha mayai ya askarisi mu udongo wa nyonga, kwenye fuvu hakuna hata moja, na inje ya kaburi machache sana. Basi minyoo ilikuwa yake.

Shida ingine ni nguruwe. Askarisi wake na trichuris wake wanataga mayai yanayofanana sana na ya mtu, ju hiyo wanatafuta mashahidi wengine, kwa mfano mayai ya oksiyuri, ule mnyoo unaowasha watoto usiku, ambao ni wa watu (ila ganda lake ni jembamba, linapotea haraka), ao asidi za nyongo zilizobaki mu udongo, ambazo za nguruwe haziko sawa na zetu.

Kule Japani, mu 1992, mashimo ya Fujiwara-kyo, mji uliokuwa makao makuu kuanzia 694 mpaka 710, yalitambuliwa kuwa vyoo kwa njia hii, na kati ya mayai kulikuwa ya minyoo ambayo mtu anaipata kwa kula samaki wa mtoni mbichi. Yaani choo kinakwambia mpaka chakula. Ile ninayoipenda zaidi ni ya Xuanquanzhi, kituo cha wasafiri karibu na Dunhuang, China, chenye kama miaka 2000: kwenye vijiti vilivyofungwa kitambaa vya kujipangusia, utafiti uliotoka 2016 ulipata mayai ya mnyoo wa ini. Ule mnyoo unahitaji maji mengi na konokono na samaki, na Dunhuang ni jangwa! Mahali pa karibu panapojulikana kuwa nao ni kama kilomita 1500, kwa hiyo kuna msafiri alikuja nao tumboni.

Halafu kukosa mayai haimaanishi hapakuwa choo. Watoto wetu wanapewa mebendazole, dawa ya minyoo, kabinee yao inaweza kukosa askarisi kabisa na bado ikawa kabinee. Kuna pia jiardia, kijidudu kinacholeta kuharisha, haina yai, na umbo lake linaharibika mapema, kwa hiyo mikroskopi inaikosa. Mu 2023 ndiyo ilitangazwa kwamba imepatikana mu vyoo vya Yerusalemu vya karne ya 7 na 6 kabla ya Kristo, kwa teste ya antibodi, zile zinazonasa mabaki yake, si kwa macho.