Majibu Safi ya Damu Uliyochangia Si Kipimo cha Jeni

Kampeni za uchangiaji damu jijini Dar es Salaam zinapopamba moto, hasa kuelekea Juni 14, Siku ya Wachangia Damu Duniani, swali moja linazidi kutufikia sisi tunaokusanya damu: "Nimechangia mara nyingi, VVU sina. Si ndiyo nina ile jeni inayozuia VVU?" Hapana.

Jeni hiyo ni CCR5. Ndiyo inayotengeneza kipokezi kilicho juu ya chembe nyeupe za CD4, na VVU hukishika ili viingie ndani. Mwaka 1996 watafiti walieleza badiliko liitwalo delta 32: herufi 32 za vinasaba hazipo, kipokezi hakikamiliki. Aliyelirithi kwa baba na kwa mama huambukizwa kwa nadra sana. Aliyelirithi kwa mzazi mmoja huambukizwa kama wengine, ila ugonjwa huweza kwenda polepole. Hata mwenye nakala mbili hana kinga kamili, kwani vipo virusi vinavyopitia kipokezi kingine, CXCR4. Timothy Ray Brown, Mmarekani aliyekuwa na VVU na saratani ya damu, alipandikizwa uloto wa mtu mwenye nakala mbili za badiliko hilo Berlin mwaka 2007 akapona VVU, na hapo ndipo habari hizi zilipoenea.

Kinachoachwa zinaposimuliwa ni takwimu. Kwa watu wenye asili ya Ulaya, karibu 10 katika 100 wana nakala moja, na kama 1 katika 100 ana zote mbili. Kwa Waafrika badiliko hili ni nadra mno. Tafiti nyingi hazikulikuta kabisa. Mchangia damu wa Temeke au Kinondoni anayejihesabia kinga hii anajidanganya. Na wa kundi O naye aache: kundi la damu halizuii VVU, tumelisema hili miaka nenda rudi.

Wengine hutoa mfano wa mwenza anayeishi na VVU ilhali wao hawajaambukizwa. Mwenza anayetumia ARV vizuri mpaka virusi havionekani kwenye kipimo hakuambukizi kwa kujamiiana. Shukuru dawa zake.

Kwetu, mfuko wa damu na vichupa vya sampuli hubandikwa namba moja. Sampuli hupimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Jeni haipimwi. Damu yenye dalili ya maambukizi hutengwa na kuteketezwa, na mchangiaji huitwa kwa ushauri, faragha. Lakini maambukizi ya siku za mwanzo yanaweza yasionekane, ndiyo maana dodoso unalojaza kabla ya kuchangia linauliza mambo ya ndani. Lijibu kwa ukweli: chupa moja hugawanywa, ikafika kwa wagonjwa zaidi ya mmoja. Tukumbushane pia kuwa chini ya Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008, anayeambukiza mwenzake VVU kwa makusudi hufungwa miaka 5 hadi 10.

Anayetaka kujua hali yake aende kituo cha afya akapime, asipitie kwetu. Na kama umeshachangia ukakumbuka jambo ulilolificha, rudi au piga simu siku hiyohiyo, utaje namba ya kadi yako. Mfuko utaondolewa kabla haujapelekwa wodini.