Povu Likijaa Glasi, Usikimbilie Regyuleta

Dhana: "Povu jingi maana yake gesi imezidi, punguza presha."

Hii ndiyo inayoharibu mapipa mengi ya bia ya bomba nyumbani: mtu anakimbilia regyuleta, kile kifaa kinachopanga presha ya gesi inayotoka mtungini kuingia pipani. Inaniuma kwa sababu bia yenyewe huwa haina kosa. Hewa ya ukaa hushikiliwa ndani ya bia na mambo mawili: baridi na mgandamizo. Lita moja ya lager ya kawaida hubeba takriban lita mbili na nusu za gesi hiyo. Bia ikiwa kwenye nyuzijoto 3 za Selsiasi, psi (kipimo cha presha) 11 hadi 12 zinatosha kuituliza. Ikipanda hadi nyuzijoto 10, kiasi kilekile kinataka psi 17 au zaidi. Kwa hiyo bia yenye joto huachia gesi njiani, ndani ya mpira unaoitoa pipani, na bombani linatoka povu. Ukipunguza presha hapo, unaifungulia gesi mlango: leo povu linazidi, na baada ya siku chache bia inakuwa chapwa. Pima joto kwanza, regyuleta iache.

Dhana: "Friji inaonyesha nyuzi 3, basi na bia iko nyuzi 3."

Friji inasoma hewa, tena ya kona moja. Pipa la lita 50 lililosafiri kwenye buti la gari juani linaweza kutaka siku nzima kupoa hadi katikati. Mimina glasi mbili, kisha tumbukiza kipimajoto kwenye ile ya pili.

Na glasi ya kwanza ikitoka povu tupu huku ya pili ikiwa safi, usililaumu pipa. Ni ile bia iliyolala kwenye mpira ndani ya mnara wa bomba (ile nguzo inayoshika bomba juu ya friji), nje ya baridi, ndiyo iliyopata joto. Feni ndogo kama ya kompyuta, ikisukuma hewa ya friji hadi juu mnarani, huondoa tatizo hilo. Ningeinunua kabla ya bomba la kung'aa.

Dhana: "Psi 12 ni psi 12 popote."

Geji, ile saa ya presha kwenye regyuleta, husoma mgandamizo uliozidi ule wa hewa ya nje. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Kwa bia ileile na baridi ileile, wa Nairobi aongeze kama psi 2 na nusu.

Dhana: "Glasi iliyogandishwa ndiyo bora."

Chembe za barafu huitikisa gesi itoke. Suuza glasi safi kwa maji baridi, inatosha.

Dhana: "Pampu ya mkono inafanya kazi ileile ya mtungi."

Pampu huingiza hewa ya kawaida, na oksijeni huiharibu ladha haraka. Pipa la pampu ni la kumalizwa siku hiyohiyo. Lenye mtungi wa hewa ya ukaa, likikaa baridini bila kukatizwa, hudumu wiki kadhaa.